Magoti Kutoka Nchi ya Barafu

Wenzangu mliobaki kwenye chumba cha mazoezi, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie "kitu kidogo" kuhusu miaka yangu ya kutibu viungo hapa Garissa. Nilikubali haraka kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa pilau. Sasa nimeketi, feni inazunguka pale umeme unapojisikia, na naona kitu kidogo hakipo. Mambo ya vyeo nitayaruka. Nilipandishwa mara mbili tu, na mara ya pili nilikabidhiwa ufunguo wa kabati ambalo halikuwa na kitu.

Mimi ni mtoto wa Ol Kalou, kule viazi vinakostawi na watoto wanaenda shule midomo imepasuka kwa baridi. Nilikulia na pumu. Mama yangu alinipaka mafuta kifuani kila jioni na kunifunga sweta mbili, na bado nilipiga mluzi nikipumua. Nilipomaliza chuo na barua ikaja kwamba nimepangiwa Garissa, nyumbani walilia kama msiba. Shangazi mmoja alinipa Biblia mpya, akanishika mkono muda mrefu sana, mkono wa kumuaga mtu asiyerudi.

Nilishuka kwenye basi saa sita mchana, baada ya kuonyesha kitambulisho mara mbili njiani na mara ya tatu kwenye daraja la Tana. Joto lilinipiga usoni nikadhani nimesimama karibu na injini. Nikasogea. Injini haikuwapo, ilikuwa Garissa yenyewe. Mama mwenye nyumba niliyopangishwa alinikaribisha kwa chai ya maziwa yenye iliki, akaniuliza, "Kenya wako aje?" Nilitazama nyuma kuona kama anaongea na mtu mwingine. Kumbe wakati ule wenyeji wengi walisema Kenya wakimaanisha huko upande wa Nairobi, na ukipanda basi walikutakia safari njema ya kwenda Kenya.

Basi nawaambia wanaoota kuhamia ng'ambo, kwenye nchi ya joto na maisha nafuu, kwamba mimi nilihamia bila pasipoti. Pumu yangu ilinyamaza mwezi wangu wa pili hapa na haijarudi kunisalimia. Nyumba ya vyumba viwili na ua hapa nililipia kodi ya chumba kimoja cha kule kwetu. Sikununua blanketi kwa miaka kumi, wala makaa ya kuota. Sisemi hapakuwa na shida. Kuna mwezi wa tatu, ambapo hata mjusi anatafuta kivuli, na kuna siku tulizosubiri lori la maji tukiwa na wagonjwa wa kuoshwa. Lakini mtu aliyelala miaka ishirini akipumua kwa kuhesabu hawezi kulalamika sana juu ya jua. Nilishukuru tangu mwanzo na bado nashukuru.

Chumba chetu siku ile ya kwanza kilikuwa na kitanda kimoja cha mbao, magongo ya urefu tofauti ambayo hayakupatana mawili, na mashine ya kuyeyushia nta ya kupashia viungo moto, ambayo iliharibika wiki ya pili. Kilikuwa pia na Abdullahi. Yeye alikuwa msaidizi wa chumba, amefanya kazi hapo kabla sijazaliwa au karibu na hapo, na hakuwa na cheti hata kimoja. Alinitafsiria Kisomali, akafagia, akawashika wagonjwa wasianguke, na kunirekebisha bila kunitia aibu, kazi ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kosa langu kubwa lilikuwa la magoti. Chuoni tulifundishwa kwamba mwenye goti bovu asichuchumae wala asipige magoti. Mpe kiti. Nikawaambia wazee wa Garissa hivyo, mmoja mmoja, kwa uhakika wa mtu wa miaka ishirini na minne. "Hakuna kupiga magoti tena, mzee. Kaa kwenye kiti." Waliitikia kwa adabu, "Haye, daktari, haye," wakachukua fimbo zao na hawakurudi. Mwezi mzima nilikaa nikipangusa kitanda. Nilidhani wamepona. Nikaandika hata kwenye ripoti kwamba wamepona.

Abdullahi aliniacha nijisifu kidogo, kisha siku moja akasema, "Abaayo, hawa watu hawajabona. Wamekimbia."

Abaayo ni dada. Nikamuuliza wamekimbia nini.

"Wewe umewaambia wasisali kama watu."

Nikajitetea. Nilikuwa nimeuliza, nikaambiwa dini inamruhusu mgonjwa kusali akiwa kwenye kiti, hata akiwa amelala.

"Dini imeruhusu, ndiyo," akasema. "Dini ni rahisi. Watu ndio wagumu. Ukiweka kiti kwa msikiti, kila siku mara tano watu wanaona wewe umeisha. Usiulize mtu anaumwa wapi. Uliza, nini ulikuwa unafanya na sasa unashindwa?"

Nimesoma vitabu vingi vya tiba ya viungo baada ya hapo, na hakuna kilichonipa sentensi bora kuliko ile. Nilimwomba anionyeshe swala, polepole, kama mazoezi. Akatandika mkeka, akanionyesha: kusimama, kuinama, kusimama tena, kushuka hadi paji la uso liguse chini, kukaa juu ya visigino, kushuka tena, kuinuka. Mimi nilikaa na daftari nikichora nyonga, goti na kifundo cha mguu. Niligundua kwamba watu hawa walikuwa na mpango wa mazoezi tayari, mara tano kwa siku, hauhitaji mashine wala umeme. Ilibaki kuwarudishia kipande kilichopotea.

Ndipo tukatengeneza zile mbao ambazo bado mnazo. Fundi wa Soko Mugdi alitukatia kumi na mbili, kila moja unene wa kidole gumba. Mgonjwa anapiga magoti juu ya godoro, mbao zote zikiwa zimepangwa mbele yake, naye anashuka hadi paji la uso liguse ya juu. Akizoea, tunaondoa moja. Kwenye faili niliandika "mbao tisa", "mbao saba", na wakaguzi kutoka Nairobi waliuliza kama tunajenga. Shehe mmoja mwenye nyonga mbovu alizikagua kwanza, akasema, "Hii si swala, ni mazoezi. Endelea." Wazee wakaanza kurudi. Wa kwanza aliyefika ubao wa sifuri alikaa pale chini, akacheka, akakataa kuinuka mpaka Abdullahi akamwambia chumba kinafungwa.

Nta ilipokosekana tulitumia jua. Mchanga safi wa mtoni, uliochekechwa, tukaushonea mifuko ya kitambaa kizito, tukaianika juu ya bati saa tano. Baada ya dakika ishirini iko tayari. Ipimeni kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto; msiache hilo kamwe, maana mzee hasemi akiungua, anadhani ndiyo dawa. Goti likifungwa mchanga wa moto kabla ya mazoezi linalegea vizuri kuliko kwa mashine yoyote niliyowahi kusaini kuipokea.

Miaka ilienda hivyo. Abdullahi alistaafu akaenda Balambala kulima tikiti kando ya mto, na kila msimu aliniletea moja, akilalamika kwamba safari hii hayana utamu. Yalikuwa matamu kila mwaka.

Sasa nifike kwa Halima, kesi ambayo nyinyi mnaijua nusu.

Aliletwa kwa kiti cha magurudumu na binti yake, Sahra. Halima alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mrefu hata akiwa amekaa, na viatu vya manyoya miguuni, hapa Garissa, mwezi wa kumi. Alikuwa ameishi Ulaya ya kaskazini zaidi ya miaka ishirini. Sahra alitangulia, akapata kazi, akamwita mama yake. Walikuja kupumzika wiki sita kukwepa baridi, kisha warudi. Tiketi zilikuwa tayari.

Nilimuuliza swali la Abdullahi. Halima akanijibu mwenyewe, kabla binti hajafungua mdomo.

"Mimi nataka keti chini. Miaka kumi na moja sijaketi chini. Kule kuna sofa, kuna kiti, kuna kitanda ya hosbitali. Chini hakuna."

"Magoti yake yameganda," Sahra akasema. "Miezi sita kwa mwaka hatoki nje. Barafu inateleza. Alianguka mara moja."

"Mara moja," Halima akasema, na wakatazamana kwa namna ambayo sikuielewa siku hiyo.

Siku ya tatu ya mazoezi ndipo Halima aliposema jambo lenyewe. Hakutaka kurudi. Nduguze wa mtaa wa Bulla Iftin walikuwa wamempata nyumba yenye ua. Pesa yake ya uzeeni, ambayo kule ilimezwa na kodi na umeme kabla hajainusa, hapa ingetosha nyumba, msichana wa kazi, maziwa ya ngamia kila asubuhi na mbuzi wawili wa kumwudhi. Alizihesabu faida hizo kama mtu anayeuza. Sahra alimsikiliza hadi mwisho.

"Na ukianguka?" akauliza.

Mama akajishughulisha na kufunga upya mfuko wa mchanga gotini.

"Sawa," Sahra akasema. "Kabla ya safari, ukishuka chini na kuinuka mwenyewe, bila kushika mtu wala kitu, nitakuacha. Ukishindwa, tunarudi wote." Kisha akanigeukia. "Daktari, wewe ni shahidi."

Sitasahau nilivyomchukia kidogo. Nilimwona binti aliyezoea fomu na masharti. Nisameheni, nilikuwa mzee wa kutosha kujua kwamba mtu hawekewi masharti makali namna ile na mtu asiyempenda.

Tukaanza kwa mbao kumi na mbili na mto juu yake. Halima alikuwa mgonjwa wa kero, na nilimpenda. Alikuja kabla ya saa mbili asubuhi, akaketi juani na mifuko yake ya mchanga magotini, viatu vya manyoya amevigawa siku ya nne. Alinitukana kwa Kisomali akidhani sijui. Nilimjibu kwa Kisomali. Akacheka hadi akashika mbavu, na tangu hapo tukawa marafiki. Wiki ya pili mbao tisa. Wiki ya tatu sita. Mikono yake ilirudi rangi, akaanza kutembea hadi lango la hospitali kwa gongo moja na kusalimiana na kila mtu kana kwamba anagombea kiti. Sahra aliona hayo yote. Alisimama mlangoni na simu mkononi.

Wiki ya tano alishuka bila ubao hata mmoja. Lakini kushuka kunataka ujasiri, na kuinuka kunataka mapaja, na mapaja yaliyokaa kwenye sofa miaka kumi na moja hayarudi kwa wiki tano. Mimi nilijua. Yeye pia alijua.

"Wambui," akaniambia, Sahra akiwa nje. "Mwambie huyu mtoto mimi iko sawa. Wewe sema tu. Yeye anaamini wewe."

Nilisema nitafikiria, jibu la mwoga. Nilifikiria kweli. Niliwaza nyumba ile yenye ua, nikawaza barafu nisiyowahi kuiona, na nikajiambia uongo mdogo kwa ajili ya mama huyu hauwezi kuwa dhambi kubwa. Nilikuwa karibu sana kuusema.

Siku ya mtihani ilikuwa asubuhi, siku tatu kabla ya ndege, kwenye baraza ya nyumba ile ya Bulla Iftin. Mkeka umetandikwa, Sahra amesimama upande mmoja, mimi upande wa pili. Halima akashuka. Alishuka polepole, akapiga magoti, akainama, paji lake likagusa mkeka, akabaki pale kwa muda. Kisha akajaribu kuinuka. Mguu wa kulia ulitetemeka, akakaa. Akajaribu tena, akakaa. Sahra akapiga hatua.

"Usinishike!"

Mara ya tatu alitambaa hadi kwenye mtungi wa maji wa lita ishirini uliokuwa karibu na ukuta, umejaa, akaukumbatia, akausukuma chini kwa mikono yote miwili na kuinuka. Akasimama. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, naye akatutazama kama mshindi.

"Umeshika mtungi, hooyo," Sahra akamwambia mama yake kwa sauti ndogo. "Nilisema bila kushika kitu."

Kisha akanigeukia mimi. "Daktari. Niambie ukweli. Nikimwacha hapa, ataanguka?"

Halima alinikazia macho kutoka pale ukutani. Nilijua neno moja tu lingempa nyumba yake, na kwamba nikisema ukweli huenda ninampandisha ndege kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ataanguka," nikasema. "Mtu wa umri wake na magoti yale ataanguka, hapa au kule. Siwezi kukudanganya. Hapa hospitali yetu ina mashine chache kuliko zenu, hilo pia ulijue. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hapa ataangukia mchanga, na mlango uko wazi."

Nilitegemea akasirike. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa baraza, nguo zake nzuri zote kwenye vumbi.

"Kule alianguka jikoni," akasema. "Saa moja asubuhi, nikiwa nimetoka tu. Nimemkuta saa kumi jioni. Majirani wapo ukuta kwa ukuta, daktari, lakini alikuwa anaita kwa Kisomali, na milango imefungwa kwa sababu ya baridi. Unajua mimi kazi yangu ni nini? Natunza wazee. Siku hiyo nilikuwa nawainua mama za watu."

Nilimshika bega. Chuki yangu yote ndogo iliniumbua pale pale.

Halima alimwendea na gongo lake. Akaongea kwa Kisomali, na nawaandikia kama nilivyosikia. "Kule mlinitunza vizuri, mwanangu. Sikukosa dawa hata siku moja. Lakini nilikuwa ndani. Niache nianguke nje."

Sahra alifungua mkoba, akatoa pasipoti ya mama yake, akamwekea mkononi. "Basi kaa nayo. Ukichoka, siku yoyote, unipigie, nitakuletea tiketi."

Halima aliigeuza mara mbili, akamrudishia.

"Hii basboti kaa nayo wewe," akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Mimi nitalala fizuri. Ni wewe hutalala."

Sahra aliirudisha mkobani na kufunga zipu, na siku tatu baadaye akapanda ndege peke yake.

Halima ameanguka mara mbili tangu wakati huo. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye zizi la mbuzi, na kabla hajamaliza kuita, mama watatu walikuwa wamemfikia, mmoja akiwa na unga wa mkate wa anjera mikononi. Mara ya pili alivunja kifundo cha mkono, tukakifunga plasta, na alimlaumu mbuzi. Anasali na wanawake wenzake, na bado anainuka kwa kuegemea mtungi. Nimekubali kwamba mtungi ni sehemu ya mwili wake.

Sahra alikuja mwaka huu, wiki chache kabla sijastaafu. Alipita chumbani kwetu kunisalimia, amenenepa kidogo, uso umetulia. Tulikunywa chai. Nikamuuliza kwa utani kama bado anatembea na ile pasipoti ya mama.

Akaitoa mkobani, akaniwekea mezani, akaifungua kwenye ukurasa wenye picha. Ilikuwa imepitwa na muda miezi mingi.

"Nilijua siku inayoisha," akasema. "Niliandika kalendani nisisahau kuifanya upya. Siku ilipofika, daktari, nilimpigia simu mama, nikasikia mbuzi wanapiga kelele na watu wanacheka nyuma yake, akaniambia ana shughuli nimpigie kesho. Nikakata simu, nikalala."